Pine moja na pesa ya likelemba

Mama wenzangu wa Kikula, samaki wa ziwa Tshangalele tunawajua sote. Ziwa lile lilitokea watu walipozuia mto Lufira kule Mwadingusha, ili tupate umeme. Lakini njia ya pwani yake, wakati wa kipwa, ni mchanga na vumbi tupu.

Agosti tulikwenda mama watano na kamio ndogo. Pesa yote ya likelemba tulinunua samaki wabichi. Tulipoacha ziwa nyuma, pine ikapasuka. Shofere hakuwa na pine ya akiba! Akaazima kinga ya mpita njia, akaelekea Kapolowe.

Tulikuwa na simu tatu, mtandao hakuna, na chupa moja tu ya maji. Saa nane mtoto wa mwenzetu alikuwa analia kwa kiu, na samaki walianza kulegea.

Mama mmoja wa kijiji cha karibu akatuletea maji, mtoto kwanza. Kisha akatazama samaki, akasema: "Wapasueni, mtie chumvi. Kuni ninazo." Tuliwakausha kwa moshi mpaka alfajiri, shofere aliporudi na pine.

Sokoni Kikula pesa ya likelemba ilirudi yote, faida hakuna.

Basi, mama, kabla ya kupanda, mwambie shofere akuonyeshe pine ya akiba kwa macho. Beba bidoni ya maji na chumvi. Sisi safari ijayo tunabeba pia sabuni na kitenge, vya yule mama.