Losheni ya Shangazi

Miaka ya 1990 Nduguti, kwetu Singida, ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Iramba, Wilaya ya Mkalama haijazaliwa. Bidhaa za viwandani zilitufikia kwa kuchelewa. Gari liliacha barabara kuu pale Iguguno, likaja na vumbi lake, maboksi yakashushwa na kupangwa dukani chini ya bati. Dawa ya meno ya Whitedent kutoka Dar es Salaam ilikaa humo miezi, jua likiwaka juu yake, na siku ukiifungua inanukia vilevile.

Babu hakuwa na habari nayo. Kila asubuhi alikata kijiti cha mwarobaini, akatafuna ncha mpaka ikawa nyuzi, akasugua meno huku akiwakagua ng'ombe zizini, kisha akakitupa. Kijiti cha siku moja hakipati muda wa kuoza.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni shangazi na losheni yake. Aliinunua dukani siku ya mnada, vitunguu vikiwa vimeuzika, na hakukubali iishe. Ikifika nusu anaongeza maji ya mtungi, anatikisa, chupa inajaa tena. Siku chache zinapita inaanza kunuka kama maziwa yaliyosahauliwa, na shingoni mwa chupa panaota vidoadoa vyeusi. Lawama zote zilimwangukia muuza duka: kauza feki. Mafuta ya mgando, yaliyokaa kopo moja mwaka mzima, hayakumfanyia hivyo hata mara moja.

Jibu nililipata nilipokwenda kusomea ufamasia. Mafuta ya mgando hayana maji, na bila maji vijidudu havizaliani. Losheni na dawa ya meno zina maji, kwa hiyo kiwanda hutia kihifadhi, mara nyingi parabeni, zilizoanza kutumika miaka ya 1920, au sodiamu benzoeti, ambayo imo pia kwenye soda. Kinachotiwa ni kidogo mno: Umoja wa Ulaya hauruhusu methilparabeni ipite asilimia 0.4. Kiasi hicho kidogo hukadiriwa kwa maji yaliyotiwa kiwandani. Ukiongeza nusu chupa, kihifadhi kinabaki nusu ya nguvu yake, na papo hapo umekiletea wageni wapya kutoka mtungini. Muuza duka wa watu hakuwa na kosa.

Nilirudi likizo nikamweleza, tumekaa kivulini anachambua mchicha.

"Kwa hiyo maji ndiyo yanayoiua?"

"Ndiyo, shangazi. Usiongeze maji."

Akafikiri kidogo.

"Haya, mwanangu. Nitaongeza mafuta ya alizeti."