Mwenye Kisu Kikali

Kila mwanafunzi wangu hapa Arusha ana simu janja, lakini programu za simu huundwa kwenye kompyuta. Zamani msanidi wa Android aliunga zana zake vipande vipande ndani ya Eclipse. Desemba 2014 Google ilitoa toleo kamili la kwanza la Android Studio: msimbo, majaribio na simu ya kuigiza mahali pamoja, bila malipo. Mwaka 2016 Microsoft ikainunua Xamarin, ikaiingiza ndani ya Visual Studio bila kudai ada ya ziada.

Je, mlango umefunguka? Umefunguka nusu. Simu ya kuigiza hula kumbukumbu. Kompyuta ya gigabaiti 4 huielemea. Programu ya iPhone huhitaji Mac ili ikamilike, na Apple hutoza dola 99 kila mwaka, ilhali Google hutoza dola 25 mara moja tu. Ndiyo maana huwashauri vijana waanze na Android, tena wachomeke simu zao halisi kwa waya.

Lakini ushauri haununui kompyuta. Ndugu watumishi wa umma, mnapopanga bajeti za vyuo, msiihesabu mashine yenye nguvu kuwa anasa. Ni jembe la darasani. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kijana wa Tengeru aliyekosa kisu hatakosa programu: atatumia iliyoandikwa na mtu asiyejua kahawa ya Meru huvunwa lini.