Sakafu Chini ya Mpira

Baba yangu aliniachia pikapu ya zamani, Peugeot 404. Magari ya aina hii yalishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968. Watu wakayasifu kuwa ni magari magumu. Mimi nami nilidhani gari la baba haliwezi kunidhuru.

Ninaishi Mbaga, katika Milima ya Upare. Huku juu kuna mvua na ukungu. Abiria huingia na matope miguuni. Nilitandika mpira mnene juu ya sakafu, nikadhani nimeikinga. Kumbe maji yalipita pembeni yakakaa chini ya mpira. Chuma kikikaa na maji na hewa hushika kutu. Kutu ilikula sakafu polepole, nami sikuiona.

Siku moja niliona tundu karibu na miguu ya abiria. Nilikuwa na ada ya shule ya kulipa, kwa hiyo sikwenda kwa fundi. Niliweka kipande cha ubao nikafunika kwa mpira. Nilijiambia, "Nitatengeneza baada ya mavuno." Mavuno mawili yakapita.

Asubuhi moja nilimchukua shangazi yangu kwenda Same. Kulikuwa na baridi, tukafunga vioo. Kabla ya kufika Mwembe alisema, "Mwanangu, kichwa kinaniuma." Baadaye akanyamaza. Nilidhani amelala. Mimi pia macho yalikuwa mazito. Kwenye kona moja gurudumu lilikanyaga ukingo wa barabara. Nilishtuka, nikasimamisha gari, nikafungua milango. Shangazi alitapika. Tulikaa nje muda mrefu ndipo akapata nguvu. Tulishuka polepole, vioo vyote wazi. Nilimpeleka hospitali kwanza, kisha nikaenda kwa fundi.

Fundi aliinua mpira na ubao. Tuliona ardhi. Alisema, "Ndugu, hii si sakafu, ni chujio."

Ekzosi, yaani bomba la moshi, ilikuwa imepasuka chini ya matundu yale. Moshi wa petroli una gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, damu yake haichukui hewa safi ya kutosha. Kichwa humuuma, husinzia, na anaweza kufa.

Niliuza mbuzi wawili, kazi ikaanza. Kwanza fundi aliondoa betri na viti. Alitengeneza ekzosi. Kisha alisogeza nyaya na mabomba ya petroli na ya breki yasipate moto. Aliweka ndoo ya mchanga karibu.

Alikata sehemu yote iliyooza mpaka akafikia chuma kizima. Nilimwomba aache sehemu nyembamba ili kupunguza gharama. Alikataa. Alisema, "Chuma kilichooza hakishiki. Kiraka kitang'oka."

Alipima tundu kwa karatasi ngumu, akakata bamba la chuma kwa kipimo kile. Hakutumia bati la nyumba. Bati ni jembamba, tena limepakwa zinki, na moshi wa zinki wakati wa kuchomelea humdhuru fundi. Alichomelea nukta hapa, nukta pale, ili bamba lisipinde kwa joto. Kisha akaunganisha nukta zote. Alisugua kwa brashi ya waya, akaziba viungo, akapaka rangi ya kuzuia kutu juu na chini.

Niliporudi nyumbani nilimwalika shangazi twende tena Same. Hakupanda. Alisema, "Inua mpira kwanza." Niliinua. Akagonga bamba kwa fimbo yake, akasikiliza, ndipo akapanda.

Tangu siku hiyo ninainua mpira kila wiki. Ninausafisha, ninauanika, ninatazama chini yake. Ndugu msomaji, kufunika tundu si kuliziba. Kama una gari, fanya hivyo leo. Kama wewe ni abiria na kichwa kinakuuma ndani ya gari, usione haya. Fungua kioo, mwambie dereva asimame.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini mpira haukuikinga sakafu?
2. Kwa nini fundi alikataa kuacha chuma chembamba?
3. Je, nyumbani kwako kuna kitu kibovu ambacho umekifunika tu?