Mlango wa Kumtolea Mgeni

Msomaji wangu, nilipokuwa mtoto huko Kangemi, upande wa magharibi wa Nairobi, kijana mmoja alikimbilia nyumbani kwetu. Nyuma yake walifika watu wawili: mwenye duka, aliyesema ameibiwa, na mjomba, aliyesema kijana ni wake. Nyanya yangu alisimama mlangoni akauliza: Kosa lake nini? Nani shahidi? Nawe una haki gani juu yake? Hakumficha, wala hakumtoa kabla ya kujibiwa.

Nilimkumbuka nyanya mwezi wa Aprili 2016, Kenya ilipowapeleka Beijing watu 45 wa Taiwan. Walishukiwa kuwa, wakiwa Kenya, waliwalaghai kwa simu watu wa China bara. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuachiliwa na mahakama ya Nairobi. Taiwan iliteta kwamba raia wake wametekwa. China ilijibu kwamba walioibiwa ni watu wake, hivyo shauri ni lake. Kenya, iliyo na uhusiano na Beijing tangu Desemba 1963, haina ubalozi na Taiwan. Ikamsikiliza mwenye duka, si mjomba. Desemba 2017 mahakama ya Beijing iliwahukumu wengi wao vifungo, vingine vya miaka 15.

Walioibiwa walistahili haki, sibishi. Lakini ziko njia mbili za kumtoa mgeni. Ya kwanza ni kumfukuza nchini: hiyo ni fupi, yatosha amri ya serikali. Ya pili ni kumkabidhi kwa nchi nyingine akashtakiwe: hiyo hupita mbele ya hakimu, ushahidi ukaonyeshwa, naye mtuhumiwa akajitetea. Njia fupi ikitumiwa kwa kazi ya njia ndefu, hakimu hana tena la kuuliza, na hukumu yake ya kumwachilia mtu huwa kama ua lenye pengo.

Nikipita City Hall Way, katikati ya jiji, mbele ya Mahakama ya Upeo, huwaza: jengo hili lina nguvu gani, ikiwa aliyeachiliwa na mahakama aweza kupakiwa ndegeni siku chache baadaye?

Huenda nawe, msomaji, kesho ukawa mgeni katika nchi ya watu, kwa masomo au kwa kazi. Siku hiyo utatamani mlangoni asimame mtu wa kuuliza maswali matatu. Basi yaulize leo kwa ajili ya mgeni usiyemjua, hata kama humpendi.