Kitambaa kimoja, bei mbili

Mzazi akimpeleka mtoto soko la Khan el-Khalili, jijini Cairo, asitarajie kutoka mapema. Soko hili lilianza mwaka 1382, amiri Jaharkas al-Khalili alipojenga hapo nyumba ya kufikia wafanyabiashara. Leo vichochoro vyake vimejaa taa za vioo vya rangi, sinia za shaba, manukato na viungo. Mtoto hutaka kila anachokiona, na vingi vimetoka kiwandani.

Somo lenyewe liko mbele kidogo. Ukifuata mtaa wa al-Muizz kuelekea kusini na kupita lango la Bab Zuwayla, lililojengwa mwaka 1092, unaingia al-Khayamiya, mtaa wa washona mahema. Hapa wanaume hukaa wamekunja miguu, sindano mkononi, kastabini kidoleni. Mchoro hutobolewa kwenye karatasi, unga hupakwa juu yake, na alama hubaki kwenye turubai. Kisha fundi hukata vipande vya pamba, hukunja kingo zake na kuvishona kimoja kimoja. Kazi kubwa huchukua wiki, hata miezi.

Zamani nakshi hizi zilipamba mahema ya harusi, misiba na mikesha ya Ramadhani. Siku hizi mahema mengi hutumia kitambaa kilichochapwa na mashine, nakshi zilezile kwa bei ndogo. Ndipo fundi hukabili swali ambalo wazazi wengi wanalijua: amrithishe mwanawe kazi hii, au amwache atafute nyingine yenye kipato?

Basi mtoto akiuliza, "Mbona hiki ghali na kile rahisi, na vyote vinafanana?" usimjibu haraka. Muombe fundi ruhusa, kisha mwambie mtoto apapase vyote viwili. Cha mashine ni laini kote. Cha mkono kina kingo zilizoinuka, na mishono midogo inahesabika.

Kupatana bei ni desturi ya soko, na ni vizuri mtoto aijue. Ila kwanza amuulize fundi alishona siku ngapi, ndipo mzazi ataje bei. Hela zikiwa hazitoshi, nunueni foronya moja ndogo, au shukuruni mwende zenu. Hiyo ni heshima kuliko kumbana mtu auze jasho lake kwa bei ya mashine, huku mtoto anatazama.