Kabla ya Kushitaki, Tuhesabu



Sisi makapita wa darasa la mwisho tulizoea kusema: "Batoto ba Lubunga banachelewaka kupita bengine." Wale wanavuka mto kwa mtumbwi. Tukataka wafagie kiwanja kila siku ya posho.

Mwalimu wa hesabu akatuuliza: "Mumepima?" Tukanyamaza. Akatukumbusha dawa za Ebola zilizojaribiwa kwetu Kongo mwaka 2018 na 2019. Waliopewa ZMapp, walikufa 84 kati ya 169. Waliopewa mAb114, walikufa 61 kati ya 174. Jaribio la khi-kare linatoa karibu 7,5. Linapita mpaka wa 3,84, kwa hiyo ni vigumu kusema ni bahati tu.

Basi tukaandika majina juma moja. Aliyechelewa, hata siku tatu, tukamhesabu mara moja tu. Lubunga: 8 kati ya 20. Makiso: 6 kati ya 20. Mwenzetu akataka jaribio la Student. Mwalimu akakataa: "Lile ni la wastani, kama mungepima dakika. Hapa munahesabu watu."

Tukaanza kwa kudhani hakuna tofauti: tungengojea 7 na 7. Khi-kare ikatoka 0,44. Haya!

Hesabu haikusema wako sawa kabisa. Ilisema ushahidi wetu hautoshi, na kwa ushahidi kama huo hatuwezi kumpa mtu azabu. Tukaenda kuwaomba radhi. Mdogo mmoja akajibu: "Kumbe mulitaka kutuazibu bure." Tuliona haya.