Umri Ulikuwa Kwenye Mti

Novemba 2023, huko London, chupa moja ya wiski ya Macallan ilinadiwa Sotheby's ikauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 2. Wiski hiyo ilitiwa pipani mwaka 1926, ikakaa humo miaka 60, na ilipotolewa mwaka 1986 zikajazwa chupa 40 tu. Mwaka huo wa 1986 nilikuwa mtoto wa kutumwa tembo, Mbagala.

Wenzangu wa Temeke mnaikumbuka safari hiyo: chupa tupu mkononi, mchanga wa moto nyayoni, makuti yakichakarika juu, mpaka unamkuta mgema yuko kileleni, vidole vya miguu vimeshika mapago, anakata ncha ya karara kwa kotama, ukato mwembamba kama ganda la kitunguu, kisha anashuka na kibuyu kilichokesha kikipokea tone kwa tone, analichuja tembo kwa kilifu cha mnazi uleule ili nyuki waliozama wabaki juu, na povu likifika mdomoni mwa chupa anaiziba kwa makumbi, maana tembo likibanwa sana hupasua chupa.

"Kimbia, mjukuu wangu," alikuwa akiniambia. "Tembo halingoji."

Na kweli halikungoja. Asubuhi lilikuwa tamu, hata sisi watoto tulionjeshwa. Jioni lilikuwa kali, la wazee waliokaa mkekani wakipokezana kata moja ya kifuu huku wakisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Likilala lilikuwa siki, na bibi alilitia kwenye kachumbari.

Leo njia ile ni lami. Mashamba yamekuwa viwanja, viwanja vimekuwa nyumba, na njia za mwendokasi zimefika Rangi Tatu. Maji yako bombani. Anayetaka kinywaji anakwenda dukani, ananunua Konyagi iliyotengenezwa hapahapa Temeke, Chang'ombe, nguvu yake imeandikwa kwenye lebo. Hakuna anayepanda juu kumtafutia mwenzake ulevi. Hilo nalishukuru, kwa sababu mgema wetu aliteleza asubuhi moja ya masika, mapago yakiwa yamelowa, akaanguka, na hakutembea tena bila mkongojo.

Lakini habari ya chupa ile imenifundisha jambo ambalo sikuliona utotoni. Wenzetu wa wiski huuweka umri kwenye pipa. Sisi tuliuweka kwenye mti. Tembo liliishi siku moja, ila mnazi mrefu wa pwani hukaa miaka 6 au zaidi kabla haujazaa, kisha huishi hata miaka 60 na kupita. Ule niliosimama chini yake na chupa yangu ulipandwa na baba yake mgema, na mwanawe akaupanda kila asubuhi na kila jioni mpaka siku ya kuanguka.

Msumeno uliumaliza kwa muda mfupi. Nilikuwepo. Kiwanja nilikuwa nimekinunua mimi.

Nyumba ni nzuri, watoto wangu wamekulia humo, na sijutii kuijenga. Kisiki kimeoza upande wa jikoni. Pembeni yake, mwaka jana, nilipanda mche wa mnazi. Umeshika. Mungu akipenda utazaa nikiwa hai.

Mgema sijampata.